Dirisha Linalosema Sawa

4 Februari

Kidomodomo wangu,

Marahaba! Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Sisi huku tu wazima wa afya, wasiwasi wetu ni wewe huko uliko. Baba yako ametuma salamu kutoka huko anakojenga barabara, na analalamika kwamba suruali niliyomshonea ni ya mtu mwenye miguu mifupi. Nimemwambia suruali haina kosa. Paka kazaa tena, safari hii ndani ya kapu la vitambaa vya sare za shule, na sasa kila mteja akija kupimwa anaondoka na ahadi ya kuletewa mtoto wa paka.

Dhumuni hasa la barua hii: kompyuta imefika zahanati yetu! Muuguzi wa dirisha la dawa, yule ambaye miwani yake hukaa kifuani badala ya machoni, amefundishwa kuagiza dawa bila makaratasi. Anabonyeza, mtambo unaandika SAWA kwa rangi ya kijani, basi, kazi imekwisha. Nikauliza umetengenezwa na nani. Wakataja kampuni yenu. Weee! Nilisimama katikati ya foleni nikatangaza kwamba huo ni mkono wa mtoto wa kaka yangu, na asiyeamini aje nyumbani nimwonyeshe picha. Watu walipiga makofi, wengine ili ninyamaze.

Sasa nimepata aibu kidogo. Jirani yangu wa ukutani, fundi viatu, kaniuliza unafanya nini hasa. Nikasema unaunganisha kompyuta na kompyuta. Akasema, "Kwa gundi?" Kibaraza kizima kimecheka. Niandikie upesi nijue cha kumjibu, maana huyo mtu akipata la kusema haachi.

Ni mimi shangazi yako,
ninayejivuna bila kujua ninajivunia nini.


20 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini. Dirisha lake linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi nzuri. Nafua mwenyewe, napika mwenyewe, na chakula kikiungua najilaumu mwenyewe.

Mwambie fundi viatu hatutumii gundi. Sikiliza. Zahanati yenu ina programu yake. Bohari kuu ya dawa nayo ina programu yake. Ziliandikwa na watu tofauti, na kila moja ina mambo yake ya ndani ambayo haitaki mgeni ayashike. Kwa hiyo bohari imefungua dirisha. Huingii ndani. Unasimama nje, unaomba kwa maneno mliyokubaliana, kwa mpangilio uleule kila siku, na unajibiwa kwa mpangilio uleule. Vitabuni wanaita kiolesura. Sisi ofisini tunasema API.

Sasa, yako makampuni mengi yanayotengeneza programu za zahanati. Kila moja ikianza kujifunza upya adabu za dirisha hilo, tutazeeka hatujamaliza. Ndiyo maana sisi tumetengeneza kifurushi, wenyewe tunakiita SDK, cha vipande vilivyokwisha kukatwa. Si huwa unawakatia mafundi wenzako kola, wao wanabaki kushona shati tu? Basi na sisi ni wakata kola. Na kile kipande kinachokwenda dirishani, kinachoomba na kusoma jibu, nimekikata mimi kwa mikono yangu.

Nikwambie na hili, ila lisifike foleni. Tuko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Juni. Bohari wakiridhika, kila zahanati nchini itatumia kifurushi chetu na mimi na wenzangu wawili tunaajiriwa moja kwa moja. Wasiporidhika, kazi inapewa wengine na sisi tunafungasha virago. Meneja ametuambia hivyo uso mkavu, anakunywa chai.

Dawa zako za moyo unakunywa? Usinijibu kwa mzaha.

Mwanao.


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kupika. Huku hatujambo sote. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kwa hiyo usijisumbue kupiga. Na hata hivyo mimi na simu hatujawahi kupendana. Ukinipigia unaanza kuaga kabla sijakohoa.

Fundi viatu nimemjibu. Nilimweleza dirisha, nikamweleza kola. Mwishowe akasema, "Huyo mtoto ana akili." Nikamwambia, za upande wetu hizo.

Dawa? Usiwe na shaka. Muuguzi ameagiza, na ile SAWA ya kijani nimeiona kwa macho yangu mawili. Mtambo wako unafanya kazi vizuri sana, na ndivyo ninavyomwambia kila anayeniuliza. Ngazi za zahanati nadhani wameziongeza. Cherehani nimeipumzisha kidogo, nayo imechoka, tangu nimeolewa mpaka nimefiwa na mume inanung'unika tu. Hata watoto wa paka nimewaacha waendelee kulala kwenye vitambaa, maana hakuna haraka.

Kaza buti mpaka Juni. Mambo ya huku tuachie sisi.

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila nikiisoma nahisi kuna mtu nyuma ya mlango. Tangu lini wewe ukaipumzisha cherehani? Tangu lini huna haraka? Wewe uliyenishonea gauni la mahafali nikiwa nimelivaa!

Mimi mzima, lakini kazini si shwari. Zahanati kadhaa zinalalamika kwamba zinaagiza baadhi ya dawa na haziji. Nimefungua kumbukumbu za mtambo, nikapitia ombi moja moja: kila ombi limejibiwa SAWA. Hakuna hata moja jekundu. Nikapitia tena, nikaona SAWA zimejipanga mpaka macho yakaniuma. Meneja anasema wauguzi wanapoteza maboksi wenyewe halafu wanasingizia kompyuta. Wenzangu wamemkubalia. Mimi nimekubali shingo upande.

Nakuuliza kama unavyoniuliza mimi nikiwa nimefanya kosa, ukinitazama usoni: dawa zako unazipata?

Kidomodomo.


9 Mei

Kwa mwanangu mpendwa,

Usishtuke na mwandiko. Anayeandika ni jirani, fundi viatu, maana mimi sindano imenichoma kidole. (Mwandishi anaomba ieleweke kwamba hakuchaguliwa kwa uzuri wa mwandiko.) Andika ninachosema tu, bwana. (Naandika.)

Marahaba. Sisi wote ni wazima wa afya tele, hatuna neno, tunakula, tunalala, tunacheka. Barua yako imechelewa, ilikaa kwa mtu wa mabasi mpaka alipokumbuka kwamba suruali yake iko kwangu. Watoto wa paka wamepata pa kwenda wote isipokuwa mmoja mwenye kiburi, huyo nimebaki naye, tunaelewana.

Kuhusu lile swali lako, jibu langu ni kwamba wewe fanya kazi. Mtu anapokaribia kumaliza kushona nguo hageuki kutazama nani kapita barabarani. Nimekulea siku zote ulipokuwa mdogo na baba yako yuko safarini. Sitakuwa mimi wa kukuangusha leo. Juni si mbali.

Wako akupendaye, Shangazi.

(Nyuma ya karatasi)

Binti, ni mimi fundi viatu. Kaenda kulala. Huko mbele nimeandika alichosema kwa sababu nilimwahidi. Hapa naandika ninachokiona. Hajambo, ila dawa hajapata tangu mwezi wa pili. Kila akienda, mtambo unasema sawa na kabati liko tupu. Maduka ya hapa aina hiyo hayauzi. Kidole hakina hata tundu, ni mkono mzima unatetemeka. Juzi alianguka pembeni ya cherehani, nikasikia kishindo ukutani. Amekataza usiambiwe. Anasema yeye akilalamika ndiye atakuwa amekufukuzisha kazi. Nambari yangu ya simu nimeiandika hapo chini. Ukimwambia nimesema, nitakana mchana kweupe.


2 Juni

Shangazi,

Najua umelazwa hospitali kubwa. Fundi viatu amenieleza kwa simu, mpaka jina la daktari. Nilimwambia asikuulize kama unataka kwenda, akubebe tu. Akasema alikuwa anangoja mtu wa familia ampe ruhusa ya kukubeba. Huko wamekupa vidonge vya kuanzia. Daktari ameniambia moyo wako una nguvu na mdomo wako una nguvu zaidi. Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Na hasira ninayo, Shangazi, sitakuficha. Ungekufa kwa ajili ya ajira yangu! Ningeifanyia nini ajira hiyo?

Lakini ngoja nikwambie jinsi nilivyogundua. Barua yako ilinifikia asubuhi ambayo meneja alikuwa ameita kikao. Niliifungua nimesimama, nikaona "wazima wa afya tele", roho ikatulia, nikaikunja nikaitia mfukoni. Siku mbili, Shangazi! Siku mbili imekaa mfukoni na nyuma yake kuna mtu ananiita. Nilipoitoa kuimalizia, nikafika pale fundi anaposema "hajambo, ila". Baada ya kumpigia simu na kuhakikisha umefika hospitali, nikakaa chini kwenye ngazi za ofisi na hilo neno haliniondoki. Kila mtu kwetu akiulizwa hali huanza na sijambo. Anayeumwa sijambo, aliyefiwa sijambo. Habari yenyewe inakuja baadaye, baada ya ila. Mtoto mdogo anajua hivyo.

Nikapanda juu mbio. Nikafungua jibu la bohari kwa ombi la dawa yako, jibu zima, kama lilivyotoka dirishani. Mstari wa kwanza: "Sawa, ujumbe umefika." Na chini yake: "Ila dawa hii haiitwi tena kwa jina hilo tangu mwaka huu. Andika jina jipya, ndipo tutume." Jina jipya limeandikwa hapohapo! Bohari ilikuwa inajibu, Shangazi. Inajibu kwa adabu zote, kila siku. Na kile kipande changu, kile nilichojisifia kwako, kinasoma neno la kwanza, kinawasha kijani, kinaondoka zake. Na kwa kuwa ni kola moja kwenye mashati yote, kila programu iliyotumia kifurushi chetu ina ugonjwa uleule. Dawa ambazo jina halikubadilika zilikuja. Ambazo jina lilibadilika, hazikuja kabisa.

Siku ileile nilimpigia muuguzi wenu nikampa jina jipya. Kifurushi nimekirekebisha: sasa kinasoma mpaka mwisho, na penye ila kinaandika kwa rangi nyekundu maneno ya bohari yalivyo. Makampuni yote yamekwisha kukipata.

Balaa liko kwa meneja. Anasema tukiite maboresho, tunyamaze mpaka mwezi uishe. Bohari wakijua kwamba miezi yote hii tulikuwa tunasema sawa ya uongo, majaribio yamekufa. Lakini tukinyamaza, wale wote walioambiwa sawa zamani wataendelea kungoja, hawajui kwamba maombi yao hayapo. Wenzangu wananitazama mimi. Mmoja mkewe yu mjamzito. Maji yamenifika shingoni. Sijui la kufanya.

Mwanao.


15 Juni

Wewe mtoto,

Mwandiko ni wangu, uangalie vizuri, haujanyooka lakini ni wangu. Nimetoka hospitali juzi. Fundi viatu amekana mchana kweupe kama alivyoahidi, nikamwonyesha barua yako, akaanza kutafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika.

Leo sina maneno mengi. Chumba nilicholazwa, kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja, mkulima, kapooza upande. Naye aliambiwa sawa. Alikuwa ananieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mtambo umesema sawa, kwa hiyo anadhani zamu yake bado haijafika tu.

Mimi nilinyamaza nikijua nakulinda. Nilikosea na nimelipa kwa kichwa changu mwenyewe, nina nundu hapa kama limau. Usinyamaze. Sema, tena uwape mfano: shangazi yangu alikuwa mmojawapo. Wakikufukuza, njoo nyumbani. Kiti cha pili kwenye cherehani kiko wazi, na kola unajua kukata.

Shangazi.


3 Julai

Shangazi yangu, Shangazi yangu, shikamoo mara mia!

Kaa kitako kabla hujasoma. Umekaa? Haya.

Wakuu wa bohari walikuja siku ya mwisho ya majaribio. Ukumbi wetu mdogo, viti vimeazimwa ofisi ya jirani, meneja kavaa koti lililomkaba. Wakanipa nafasi niwaonyeshe kifurushi kinavyofanya kazi. Nikapiga moyo konde. Nikarusha picha ya kompyuta ukutani, nikaweka ile kola ya zamani, nikaagiza dawa yako kwa jina la zamani. SAWA ya kijani, kubwa, inang'aa. Meneja akaanza makofi.

Nikawauliza, "Dawa hii itafika?" Wote wakasema itafika. Nikasema, "Haitafika. Shangazi yangu aliingoja mpaka akaanguka." Makofi yakakatika. Nikamsikia mwenzangu yule baba mtarajiwa akivuta pumzi nyuma yangu. Nikafungua jibu zima, nikalisoma kwa sauti, sawa yake na ila yake. Halafu nikaweka kipande kipya, nikaagiza tena vilevile. Ukuta mzima ukawa mwekundu: jina si hilo, jina jipya ni hili. Nikabadilisha jina mbele yao. Kijani. Nikasema, "Hii sasa ni sawa ya kweli. Na maombi yote ya zamani yaliyokwama nimeyatafuta, haya hapa, na kila zahanati tayari tumeipigia simu, mimi na wenzangu hawa." Maana walikuja upande wangu, Shangazi! Asubuhi tuliyoanza kuzipigia, yule mwenye mke mjamzito alinyanyua simu wa kwanza.

Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mkuu wa bohari ni mama mmoja mnene, mkali, aliingia hajatabasamu. Akavua miwani. Nikajisemea, haya, cherehani yangu iko wapi. Akasema, "Tangu tufungue dirisha hili tunajibu, tunajibu, tunajibu. Tumelalamikiwa mpaka na waziri. Na kumbe hakuna aliyekuwa anatusoma!" Akacheka, Shangazi, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Akageukia watu wake akawaambia na wao wana lao: anayesema sawa kabla ya kukataa anawapoteza watu, kwa hiyo kuanzia sasa dirisha likikataa litaanza na HAPANA. Halafu akauliza kifurushi kipya kinaweza kufika zahanati zote lini. Meneja akafungua mdomo, mama akamwambia, "Namuuliza yeye."

Zote, Shangazi! Zahanati zote nchini! Tumeajiriwa sote watatu. Nimerudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye kiti. Niliimba njia nzima, na unaijua sauti yangu, watu walinipisha.

Sasa jibu bila kunizunguka: boksi la dawa limefika?

Kidomodomo wako.


22 Julai

LIMEFIKA!

Leo sisalimii kwanza, salamu zitangoja. Limefika! Muuguzi kalishika juu kwa mikono miwili, dirisha lote likajaa boksi. Na miwani kaivaa machoni siku hiyo, sijui kwa heshima yako au yangu. Foleni ilikuwa mpaka nje kwenye ngazi, na ngazi, nimezihesabu, hawakuziongeza. Kila mtu alikuwa na lake lililokwama, na kila aliyefika mbele aliondoka na kitu mkononi. Bibi mmoja alilibusu boksi. Yule mama mkulima wa kitanda cha pili mwanawe alikuja kumchukulia, akaniita kwa mbali, "Wewe si ndiye shangazi?" Nikasema ndimi! Nikatangaza tena kama siku ile, kwa sauti ileile, na safari hii nilijua ninachokisema: dirisha, kola, sawa, ila, vyote niliwaeleza. Walipiga makofi mwanangu, na hakuna aliyetaka ninyamaze.

Cherehani inanguruma. Nakushonea koti la kazini, ajira mpya haiingiwi na sweta lililotoboka kiwiko. Mkono umetulia, angalia mwandiko huu, unaweza kupigia rula.

Haya, sasa salamu, na nitakupa zote mpaka mwisho kwa kuwa umenifundisha. Sijambo. Ila goti la kushoto linalia nikiinuka. Ila daktari amenipunguzia chumvi na nimemchukia. Ila usiku mwingine nakumbuka ile sakafu na naogopa, na nikiogopa sasa nagonga ukuta, na upande wa pili unajibu kwa nyundo.

Na huyo wa upande wa pili jana kaja hapa kavaa viatu alivyojishonea mwenyewe, kasimama mlangoni kama mtu wa dirishani, asiingie wala asitoke. Kaniomba anioe. Kisha akainamisha kichwa, akasubiri kusikia lile neno langu la pili.

Nimemjibu sawa. Amesimama pale mpaka paka akachoka kumtazama, na ila haikuja.